Nilivyomwosha Kinjeketile

Kicheko kilianzia nyuma, pale bwaloni karibu na mlango wa jikoni, walikokaa wavulana wa Kidato cha Pili. Jukwaani Kinjeketile alikuwa amepiga magoti, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, rangi nyekundu tuliyoifanya damu imemkaukia kwenye paji la uso. Ofisa wa Kijerumani, kijana tuliyempaka unga wa muhogo usoni, alikuwa amekwisha kumtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo, mambo yaishe. Kinjeketile akanyamaza. Nilikuwa nimemfundisha anyamaze kwa hesabu ya kumi. Alipofika kwenye sita hivi, sauti ikatoka gizani: "Sema tu, kaka, tukale!"

Bwalo zima likaangua kicheko. Mgeni rasmi alijifuta midomo kwa leso, lakini mabega yake yalimsaliti. Kijana wangu akamalizia maneno yake huku masikio yamemwiva, pazia likafungwa kwa taabu kwa sababu pete mbili za waya zilikuwa zimekatika, na makofi yakapigwa kwa wingi. Yalikuwa makofi ya watu wanaojua kwamba kinachofuata ni pilau.

Usiku ule niliwalaumu wavulana wa Kidato cha Pili, kisha jenereta lililokuwa likikohoa nje ya dirisha, kisha kijana mwenyewe aliyecheza Kinjeketile kwamba hana uzito jukwaani. Ilinichukua karibu wiki mbili kukiri kwamba mharibifu ni mimi, na kwamba niliharibu mapema sana, mezani kwangu, kwa kalamu nyekundu, kabla mwanafunzi yeyote hajakariri mstari mmoja. Ninakisimulia kisa hiki kwa walimu wanaoongoza michezo ya shule, na kwa yeyote anayetaka hadhira imwonee huruma mtu aliyekosea.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika shule ya bweni kusini mwa Tanzania, si mbali na Milima ya Matumbi. Tulikuwa tunajiandaa kwa sherehe ambayo mgeni wake alikuwa mkubwa kidogo, na nikachagua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Uchaguzi wenyewe haukuhitaji kichwa kikubwa. Mwandishi ni mzaliwa wa kusini huko huko, tamthilia ilichapishwa mwaka 1969, na vita inayosimuliwa, ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, ilianzia kwenye ardhi ileile waliyotoka nusu ya wanafunzi wetu. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, watu waling'oa mipamba ya shamba walilolazimishwa kulima kwa fimbo. Kwa babu za vijana wangu hiyo haikuwa habari ya kitabuni.

Nikakaa na kitabu ili kukipunguza kitoshe saa moja na nusu. Hapo ndipo shetani aliponiingia.

Anayeijua tamthilia hiyo atakumbuka kwamba Kinjeketile anazama mtoni akiwa amepagawa na Hongo, pepo wa majini, na anapoibuka anawatangazia watu mambo makubwa: umoja wa makabila, na maji ya dawa yatakayozishinda risasi. Halafu, katikati ya maneno hayo hayo, linamtoka jambo la ajabu, kwamba wakishamwondoa Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Anapozinduka na kuelezwa aliyoyasema, anashtuka. Bwana mmoja aondoke, tukabidhiwe kwa mwingine? Aliyesema ni Hongo, au ni mimi? Kuanzia hapo mtu huyu hana usingizi. Watu wanataka vita leo, yeye anawaambia wangoje. Wanamwuliza wangoje nini, naye hana jibu la kuwapa, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba anaogopa neno lake limekwisha kuota miguu.

Mimi nikalifuta hilo la Seyyid Said. Nilijiambia wanafunzi hawatalielewa, tena pengine mgeni ataliona ni la kuchonganisha. Nikafuta na mashaka ya usiku. Nikafuta mabishano ya wapiganaji wanaochoka kungoja. Katika nakala yangu Kinjeketile akabaki mtu aliyenyooka kama mwanzi: anatoka mtoni, anaunganisha watu, anawapa maji, anasalitiwa na bunduki, anakufa bila kutetereka. Nilimpa shuka jeupe pe. Mwalimu mwenzangu wa historia alipopita mazoezini akasema, "Huyu umemwosha, bwana." Nikacheka, nikadhani ananisifu. Sikukumbuka kwamba kwetu ukisema fulani ameoshwa, kinachofuata ni sanda.

Sasa nieleze kwa nini walicheka, maana sikubaliani na wanaosema watoto wa siku hizi hawana adabu. Walikuwa na adabu ya kutosha. Walikuwa wametazama kwa saa nzima mtu asiye na deni lolote kwa mtu yeyote. Wapiganaji wamekwenda vitani wakafa, sawa, lakini kwa mujibu wa nakala yangu yeye hakukosea popote, hakusita, hakumficha mtu jambo. Kwa hiyo anapokataa kusema neno moja la kumwokoa, hadhira haioni anachokitetea. Inaona mkaidi tu. Kimya chake hakina kitu ndani. Yule mvulana aliyepiga kelele alikuwa mhakiki bora kuliko mimi: kama huna lililokubana, kaka, sema, tukale.

Kimya hicho hicho katika kitabu cha Hussein kinatisha, na kinatisha kwa sababu ya yale yale niliyoyafuta. Mtu aliyekuwa na shaka na maji, aliyeziona maiti za walioyaamini, sasa anaombwa aseme kwa sauti kile ambacho amekuwa akijinong'oneza usiku. Akisema atakuwa mkweli. Lakini akisema, watoto wa kesho watafundishwa kwamba babu zao hawakuwa na haki ya kupigana, kwamba ukoloni ulikuwa sahihi na wao ndio waliokuwa wajinga. Asiposema, amewafunga waliobaki kwenye neno ambalo yeye mwenyewe halina tena nguvu ya kumlaza. Rafiki yake Kitunda, askari aliyewaongoza wale vijana na kuwaona wakianguka, yumo humo humo gerezani, na anataka ukweli usemwe. Nani kati yao ana haki? Nimekisoma kitabu hicho mara nyingi sana na bado siku nyingine niko na Kitunda.

Kuna jambo moja ambalo ningepaswa kulijua tangu mwanzo, kwani nilikuwa nikilifundisha darasani. Kinjeketile Ngwale wa historia, yule mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Shambulio la boma la Mahenge, ambako maelfu ya watu waliziendea bunduki za rashasha wakiamini maji yao, lilikuja tarehe 30 Agosti. Yaani yule mtu halisi hakuyaona. Alikufa kabla hajadaiwa. Hussein amemwacha hai. Katika tamthilia anaishi mpaka baada ya kushindwa, anakutanishwa na matokeo, anakaa pingu mkononi akiwa ameshajua. Mwandishi alikiuka kalenda ya kweli kwa makusudi ili mtu wake asipate nafuu ya kufa mapema, na mimi, mwalimu wa Kiswahili mwenye kalamu nyekundu, nikamrudishia nafuu hiyo.

Aristotle, Mgiriki aliyeandika juu ya tanzia miaka zaidi ya 2,300 iliyopita, alikwisha kulionya jambo hili. Alisema mtu mwema kabisa akiangushwa, hatumwonei huruma, tunachukizwa tu. Mtu mbaya kabisa akianguka, tunaona amepata haki yake. Anayetugusa ni wa katikati, mtu kama sisi, anayeanguka kwa kosa lake. Na neno alilolitumia kwa kosa hilo lina asili moja na kitenzi kinachosemwa mtu anaporusha mkuki ukapita pembeni: amekosa shabaha. Anayekosa shabaha alikuwa anailenga. Hilo ndilo linalouma.

Lakini Aristotle hakuwahi kupanda basi la kusini enzi za vumbi la Kibiti na Lindi. Mimi nilipanda, na huko ndiko nilikoelewa zaidi. Dereva anakwenda polepole kwa sababu barabara imeoza, abiria wanaanza kumzomea. "Kanyaga, baba! Gari la maiti hili?" Anakanyaga. Analipita basi la mbele kwenye kona, watu wanapiga makofi, kuna anayempitishia chungwa lililomenywa. Safari moja tulitoka barabarani tukaingia mtaroni, hakufa mtu, Mungu saidia, lakini watu waliumia, na waliomshangilia ndio waliokuwa wa kwanza kumrukia dereva wampige. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma yangu, ambaye sauti yake ilikuwa ya juu kuliko zote kwenye ile kanyaga-kanyaga. Alikaa chini kando ya barabara, kanga imejaa vumbi, hakumtukana dereva wala hakumtetea. Alikuwa anamtazama tu. Sijawahi kuona mwigizaji akiutengeneza uso kama ule.

Kinjeketile ni dereva wa namna hiyo. Aliombwa mwendo, akautoa, ingawa usukani ulikuwa unamtetemeka mkononi. Hadhira ikimwona akiombwa, ikajisikia kwamba nayo ingeomba, haitacheka mwishoni. Nilipofuta yale mabishano ya wapiganaji nilikuwa nimewaondoa abiria kwenye basi.

Nikageukia upande wa pili wa hatari, nao si mdogo. Kuna mwandishi wa Kijerumani, Bertolt Brecht, ambaye shida yake ilikuwa kinyume cha yangu: hadhira ilimhurumia mhusika wake kupita alivyotaka. Alitunga mchezo wa mama mchuuzi anayefuata majeshi na mkokoteni wake, akiishi kwa faida ya vita, na vita hiyo hiyo inawala watoto wake watatu mmoja baada ya mwingine. Mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza huko Zürich mwaka 1941, watu walimlilia yule mama kama vile mikosi imemshukia kutoka mbinguni. Brecht hakufurahi. Alitaka waone kwamba mwanamke huyu hajajifunza chochote. Kwa maonyesho ya Berlin ya mwaka 1949 akayakaza mambo, akamfanya mgumu zaidi na mchoyo zaidi. Helene Weigel, mkewe, aliyecheza nafasi hiyo, alipofika pale mama anapowalipa wakulima wamzike binti yake, alihesabu sarafu mkononi, kisha akairudisha moja kwenye pochi. Sarafu moja, mtoto amelala pale maiti.

Na watu wakalia vilevile. Brecht alikereka, lakini mimi naona aliwapa sababu bora ya kulia. Machozi ya Zürich yalikuwa ya kumpa mtu pole. Ile sarafu inamlazimisha mtazamaji alie huku amekasirika, na mtu akilia amekasirika hawezi kusahau alicholilia. (Hussein naye baadaye alikwenda kusoma Berlin ya Mashariki, lakini Kinjeketile ilikuwa imekwisha kuandikwa, kwa hiyo tusimgawie Mjerumani sifa zote.)

Baada ya wiki mbili za kujitetea nikaenda kwa mkuu wa shule, nikaomba tuurudie mchezo siku ya wazazi, bila mgeni rasmi wala pilau. Nikarudisha kila nilichofuta. Nikafuta vitu vingine, ngoma mbili na hotuba niliyoiongeza mwenyewe, ambayo nina aibu hata kuitaja.

Mazoezi yakawa magumu. Kijana wangu alikuwa amezoea kusimama wima. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwalimu, lakini huyu mtu anajua maji hayafanyi kazi, au hajui?" Nikaanza kumpa jibu la mwalimu, refu, lenye kwanza na pili, nikaona macho yake yanaondoka. Nikaacha. Nikamwambia achukue ndoo ya bomba la pale nje na kibuyu, awapange wenzake tisa waliocheza wapiganaji, awanyunyizie mmoja mmoja, na kabla ya kumnyunyizia yeyote amtazame usoni mpaka yule mwingine aangushe macho kwanza.

Dawa yenyewe, kwa masimulizi ya wazee, ilikuwa maji yenye mafuta ya nyonyo na mtama. Sisi tulikuwa na maji ya bomba na punje chache za mtama alizotupa mpishi. Wa kwanza akanyunyiziwa haraka, kwa mbwembwe. Wa pili na wa tatu vilevile. Wa nne alikuwa mshikaji wake wa kitanda cha juu bwenini, na hapo mkono ukapungua mwendo. Kufikia wa saba punje za mtama zilikuwa zinagonga ukingo wa kibuyu, tikitiki, kwa jinsi mkono ulivyokuwa ukitetemeka, na sikuwa nimemwambia atetemeke. Wa mwisho alikuwa mtoto wa Kidato cha Kwanza tuliyemwingiza kwa sababu mmoja aliugua malaria. Mfupi, shati limemzidi. Badala ya kuangusha macho, aliendelea kumtazama. Akawa anangoja kitu. Kijana wangu, hajui afanye nini, akamwitikia kwa kichwa. Ndiyo. Mtoto akatabasamu, akaenda kusimama mahali pake.

Hakuna mstari wa Hussein uliosema hivyo. Nikawaambia waache hivyo hivyo, wasibadilishe kitu.

Jambo la pili nililolifanya ni la maiti. Katika maonyesho ya kwanza, wapiganaji walipoanguka, taa ilizimwa wakatambaa kimyakimya kuelekea nyuma ya pazia ili gereza liingie likiwa safi. Safari hii walianguka kwa mpangilio ule ule walionyunyiziwa, wa kwanza hadi wa tisa, na wakabaki pale walipo. Kinjeketile aliletwa gerezani akawa hana pa kukanyaga. Ilimbidi anyanyue mguu, apitishe, anyanyue tena. Sikutaka mtu yeyote bwaloni amhurumie huku amewasahau wale. Wajerumani wenyewe walihesabu Waafrika wapatao 75,000 waliokufa katika vita hiyo, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Huruma inayomtosha kiongozi peke yake, ikawapita hao, ni upendeleo tu uliovaa kanzu.

Siku ya wazazi hawakucheka. Sitaki kudai kwamba walilia, maana wengi hawakulia. Kimya cha mwisho nilikiacha bila hesabu, nikamwambia kijana anyamaze mpaka mwenyewe asikie kimemtosha, na kikawa kirefu hata mimi nyuma ya pazia nikaanza kusikia jenereta. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye barghashia, alisema kwa sauti iliyosikika na wote, bila kumwelekea mtu, "Anyongwe tu." Mama aliyekuwa karibu naye akamgeukia: "Na nyie mliokuwa mnamwambia afanye haraka?" Mzee hakuwapo mwaka 1905, wala baba yake huenda alikuwa hajazaliwa, lakini hakumsahihisha. Alinyamaza, akaivua barghashia yake akaiweka gotini. Mabishano yaliendelea nje mpaka giza lilipoingia, baadhi wakisema angesema kweli, wengine wakisema asingesema, na mwalimu wa historia akiwa katikati yao anafurahi kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Kesho yake mchana nilikuwa mwalimu wa zamu, nimesimama bwaloni nikiangalia foleni ya chakula. Mpishi wetu alikuwa mama wa makamo, mtu wa huko huko Matumbini, na mchezo wote alikuwa ameutazama kupitia dirisha la jikoni, upawa mkononi, kwa sababu maharage ya usiku yalikuwa motoni. Kijana wangu alipofika mbele na sahani yake, yule mama akasita.

"Wewe ndiye uliyewanyunyizia wenzio."

"Ulikuwa mchezo, mama."

"Najua mchezo. Yule mdogo wa mwisho alikuuliza kwa macho, ukamwitikia."

Kijana hakujibu. Mama akachota maharage, akayamwaga juu ya ugali, na foleni ikaanza kusogea. Kijana akageuka kuondoka.

"Ngoja," akasema yule mama. Akauzamisha upawa tena, chini kabisa kwenye kitako cha sufuria, kule maharage mazito yanakotulia, akamwongezea wa pili.